C ya Juu ni ya Mwenye Boma

Mpaka leo nikimsikia mtu mzima akizungumza kwa unyenyekevu juu ya shingo ya gitaa, natafuta mahali pa kutema mate. Shingo ya gitaa ni ubao. Umechongwa, ukapigiliwa vipande vyembamba vya chuma tunavyoviita freti, ukatandazwa nyuzi sita, basi. Hauna ukoo, hauna mila, wala haujui nani alizaliwa kabla ya nani. Lakini mimi nimekula miaka kadhaa ya ujana wangu katika bendi moja ya Homa Bay ambako ubao huo ulikuwa na miiko mingi kuliko ugeni wa mkwe. Aliyeitunga miiko hiyo alikuwa mzee mmoja aliyejua kupiga gitaa vizuri sana, na asiyejua kitu kingine chochote.

Tulimwita Jaduong', yaani mzee, kama unavyomwita mzee yeyote unayemheshimu. Alikuwa mwenye bendi, mwimbaji na mpigaji wa gitaa la kwanza, yaani solo, lile linalopanda juu na kuwainua watu vitini. Mimi nilikuwa gitaa la pili. Kazi ya gitaa la pili ni kushikilia kordi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, kule chini, bila kuchoka na bila kusifiwa, ili la kwanza lipate pa kurukia. Sikuwa na ugomvi na kazi hiyo. Ugomvi wangu ulikuwa na sababu niliyopewa ya kutotoka hapo maisha yangu yote.

Nilipewa sababu hiyo siku ya kwanza ya mazoezi, nyuma ya duka la vifaa vya uvuvi lililonuka nyavu mpya. Jaduong' aliniambia nipige kordi ya C. Nikapiga C ya kila anayeanza, ile ya vidole vitatu karibu na kichwa cha gitaa. Akaitikia kwa kichwa. Kwa kutaka kujionyesha kidogo, nikapanda: nikaipiga C ileile kwenye freti ya tatu, kisha kwenye ya nane, sauti ikawa nyembamba na kali. Akaweka kiganja chake juu ya nyuzi zangu, zikanyamaza.

"Nyara," akaniambia, yaani binti yangu, "boma iko na lango ama haina?"

Aliongea Kiswahili kwa sababu ya mpigaji wetu wa besi, Mkuria wa upande wa mpakani, aliyejua Kijaluo cha kuombea maji tu.

"Iko na lango, Jaduong'."

"Na nyumba ya mwenye boma iko wapi?"

"Iko juu, inaangalia lango."

"Na simba za vijana?"

"Ziko hapo karibu na lango."

Simba ni vijumba vya wavulana waliobalehe. Kila mtu kwetu anajua mahali pake bomani, na nyumba ikijengwa pasipo pake watu hutafuta hata mganga. Hilo sina la kulisema, ni la wenyewe. Lakini mzee huyu alilichukua boma zima akalipandisha juu ya gitaa. Kichwa cha gitaa, penye vifungo vya kukazia nyuzi, ndilo lilikuwa lango. Freti za mwanzo ndipo penye simba, wanakokaa wadogo. Kuanzia ya saba kwenda juu ni kwa mwenye boma, na mtu hakanyagi huko mpaka atolewe, kama kijana anavyotolewa na baba yake kwenda kuanzisha boma lake, alfajiri, kwa shoka na jogoo. Alishawatoa wapigaji hivyo, na jogoo kabisa akakabidhiwa mtu, wakaenda kufungua bendi zao. Alisimulia haya bila kucheka hata kidogo.

"Na mimi utanitoa lini?" nikauliza.

Hapo ndipo walipocheka, wote.

"Binti hana simba," akasema Jaduong'. "Binti anaolewa. Sasa mimi nikutoe uende wapi?"

Nimesikia upuuzi mwingi maishani, nimekaa kwenye mikutano ya wagombea udiwani nikausikia hadi mwisho, lakini sijasikia wenye uvivu kama huo. Mtu ana mikono miwili, ana masikio, ana nyuzi sita mbele yake, halafu badala ya kusikiliza anauliza mwenzake amezaliwa mwanamume au mwanamke. Niliinamisha kichwa kwa adabu nikapiga C yangu ya langoni mpaka jioni.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuondoka. Niende wapi? Bendi nyingine za magitaa zilikuwa zimejifia, zimebaki vijana wenye kinanda kimoja na flashi, wanabonyeza kitufe kisha wanainua mikono kama wamefanya kazi. Nilijaribu kanisa moja Rongo. Huko mpigaji alikuwa kijana wa suruali ya kubana aliyejifunzia kwenye simu, naye alijua umbo moja tu la kordi. Waimbaji wakipandisha sauti, anasogeza kapo. Kapo ni kibanio cha kubana shingo ya gitaa ili nyuzi ziwe fupi, mtu apige umbo lake lilelile chini ya kibanio. Kina matumizi yake kwa anayejua. Kwa yule kijana kilikuwa mkongojo wa mtu mwenye miguu mizima. Nilimuuliza C nyingine ziko wapi kwenye gitaa lake, akaniangalia kwa huruma akaniambia, "Sista, C ni moja." Nikarudi Homa Bay kwa Jaduong', ambaye angalau alijua ziko nyingi, ingawa zote alizifanya zake.

Na kweli ziko nyingi, wala si siri ya mtu. C ni sauti tatu tu zinazokwenda pamoja. Sauti hizo zimetawanyika shingo nzima ya gitaa, juu na chini, na popote utakapozikuta jirani unaweza kuzishika, na hiyo ni C. Mpangilio wa vidole unabadilika, jina halibadiliki. Langoni ina kishindo, imejaa. Ukilaza kidole cha shahada kwenye freti ya tatu, inakaza. Ukifika ya nane inakuwa na makali. Na ukishika nyuzi tatu nyembamba kule kwenye freti ya kumi na mbili, mbili hapo na ile ya katikati moja mbele, inatoka ndogo na safi, hata hujui imetoka kwenye gitaa lilelile. Nilizitafuta moja moja nyumbani kwetu, Migori mjini, kwenye chumba cha nyuma, na aliyezisikia zote ni mama yangu.

Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa duka lake na cha nyuma kilikuwa nyumba yetu, katikati kuna ukuta wa mbao nyembamba. Yeye ni Mkuria, baba alikuwa Mjaluo wa bonde la Lambwe, naye alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma kwa lugha asiyoijua. Mama hakujua jina la kordi hata moja na hakutaka kujua. Alizipa zake. Ile ya chini aliiita ya uji, kwa sababu ilishibisha. Ya freti ya tatu ilikuwa ya kwenda sokoni. Ya nane ilikuwa ya kugombana. Ya juu kabisa aliiita inayocheka. Nikiifikia, cherehani ilinyamaza upande wa pili wa ukuta.

"Rudia hiyo inayocheka," alikuwa akisema.

Nikirudia, anakanyaga tena pedali, na kwa muda mfupi tunakuwa bendi ya watu wawili isiyo na mzee wa kutupangia nyumba. Nikikosea hata kidogo, kidole kikagusa uzi usio wake, anapiga mkasi juu ya meza. Aliujua mkono wangu. Siku moja fundi wa redio aliazima gitaa langu akapiga pale nyuma nikiwa nimeenda kununua maziwa, na niliporudi mama aliniambia, "Huyo ameketi kwa kiti yako, lakini si wewe. Anaburuta."

Nilitaka kitu kimoja tu, na nakisema wazi ili kisije kikapotea katika hasira zangu. Nilitaka mama anisikie nikiipiga inayocheka mbele ya watu, kwenye spika kubwa, na watu wasimame kwa ajili yake. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba na alipumzika mara nyingi katikati ya mshono mmoja. Sikuwa na muda wa kusubiri jogoo wa mtu.

Kisha Jaduong' akaanguka kwenye bodaboda. Alipona upesi, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto havikukunjika tena sawasawa. Bila vidole hivyo, hakuna boma la juu. Mtu mwenye akili angebadilisha mpango, akaimba tu, sauti yake bado ilikuwa nzima. Yeye alirudi jukwaani na shati lake la maua, akasimama mbele kama zamani, na wimbo ulipofika pale sauti ya mtu inapokaa kimya ili magitaa yaongee, akapandisha mkono mpaka kwenye freti ya kumi na mbili akauweka hapo. Vidole vilitambaa juu ya nyuzi bila kuzibana. Kilichotoka ni mkwaruzo, kama panya kwenye dari. Besi inakwenda, ngoma inakwenda, C yangu ya uji inakwenda, na juu yetu hakuna kitu.

Na bendi nzima ikafanya kama imesikia! Hapo ndipo nilipowadharau wote, nami nikiwemo, maana na mimi nilitikisa kichwa kwa mdundo kama wenzangu. Nyumba ya mzee aliye hai haiingiliwi, basi tukaiacha tupu, tukawa tunapita mbele yake tukisalimia. Tulipiga hivyo Osiri, kwa wachimba dhahabu waliotoka mashimoni na matope hadi magotini, wakitaka kuchezeshwa. Mmoja akapiga kelele, "Solo imeenda wapi?" Jaduong' akamjibu kwenye maikrofoni kwamba spika zao ni mbovu. Mpigaji wa besi aliniinamia sikioni.

"Hiyo nyumba ya juu imebaki tupu," akasema. "Si tuweke mpangaji?"

Ndiye mtu pekee katika bendi ile ninayemkumbuka bila kukunja uso.

Mama alikuja kutusikiliza kwenye harusi moja Homa Bay. Alijishonea gauni kwa siku hiyo, la kitenge cha kijani, na kwa kuwa viatu havikumwingia alikuja na ndara. Nilimkalisha karibu na spika. Wimbo wa kwanza alitabasamu. Wa pili aliegemea mbele. Kila magitaa yalipoachiwa nafasi nilimwona akiinua kidevu kidogo, akingoja, na kila mara kilichomfikia kilikuwa uji, uji, uji. Tulipopumzika nilimpelekea soda.

"Sasa ile inayocheka iko wapi?" akaniuliza.

"Ni ya mzee, Mama."

"Lakini mzee hapigi kitu. Anapapasa tu."

"Najua."

"Na nyinyi wote mnajua?"

"Tunajua."

Alikunywa soda yake taratibu, akamtazama Jaduong' aliyekuwa akipokea pongezi za wazee wa upande wa bwana harusi.

"Watu wazima," akasema. "Na mmevaa sare."

Mazoezi yaliyofuata nilimwendea Jaduong' kabla wengine hawajaketi vizuri. Nilitumia adabu yote niliyofundishwa, nikasimama kando, nikashusha sauti.

"Jaduong', naomba nikushikie ile ya juu mpaka mkono upone. Mama yangu hajisikii vizuri. Nataka anisikie hata mara moja."

"Mkono upone?" akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Nani alikuambia hii mkono ni mgonjwa?"

Wote wakatazama viatu vyao. Mpiga ngoma, mwanamume mwenye wajukuu, akaanza kukaza ngoma iliyokuwa imekazwa tayari. Jaduong' akaniambia tuanze kwa C, na nikaanza kwa C, mahali panaponifaa.

Mama alifariki kabla ya mvua za masika kwisha. Alipelekwa Lambwe, nyumbani kwa baba, akazikwa mbele ya nyumba yake ambayo hakuwahi kuipenda, na padri akamaliza ibada mapema kwa sababu ya mawingu. Bendi ilikuja yote. Ndiyo kawaida, mwenzenu akifiwa mnakwenda kumpigia, na hilo siwezi kuwasema. Wakafunga spika chini ya hema. Nikawaambia nitapiga nafasi yangu. Shangazi zangu, dada za baba, hawakupenda. Binti aliyefiwa asimame mbele ya wageni na gitaa, watu watasemaje? Tukapatana nikae kwenye kiti cha plastiki nyuma ya spika, nisionekane.

Jaduong' akasimama mbele, shati jeusi safari hii. Akaimba jina la mama, na ukoo wa baba, na bonde zima mpaka mbugani, na aliimba vizuri, siwezi kusema uongo. Watu wakaanza kusogea karibu na hema. Kisha akanyamaza, akarudi hatua moja, akapandisha mkono wake wa kushoto juu kabisa, kwake. Nikausikia mkwaruzo. Panya kwenye dari, siku ya kumzika mama yangu.

Sikuamua kitu. Nilikuwa langoni na nikatoka. Nikapita freti ya tatu, ya kwenda sokoni, nikaikalia kidogo mpaka mpigaji wa besi anielewe, naye akanielewa mara moja, akakaza mwendo. Nikaingia ya nane nikagombana na kila mtu niliyemjua. Halafu nikapanda kwenye ya kumi na mbili nikashika zile nyuzi tatu nyembamba, na C ikacheka, kwenye spika kubwa, ikatoka hemani ikaenda mpaka kwenye miti ya uani. Sikukosea uzi hata mmoja. Niliirudia, nikairudia tena kama alivyokuwa akiniambia, na nilikuwa nalia kwa sauti lakini nyuma ya spika hakuna anayesikia kilio cha mtu. Nilipochungulia pembeni niliona wamesimama wote, wazee kwa akina mama, mikono juu, na shangazi zangu wakiwa mstari wa mbele.

Niliona pia kwamba hawakunitazama mimi. Mbele yao alisimama Jaduong', na vidole vyake vilikuwa palepale, kwenye freti ya kumi na mbili, vikitambaa. Mwanzo aliutazama mkono wake kama mtu aliyeona ng'ombe aliyepotea amerudi mwenyewe. Akageuka nusu, akaniona. Kisha akafumba macho, akaegemea nyuma, akauinua uso juu kwa mawingu, na akabaki hivyo mpaka nilipomaliza.

Walimjia wote. Walimshika ule mkono wa kushoto, wakaubusu hata.

"Jaduong', kumbe mkono imerudi!"

"Mungu ni mwema," akasema.

Shangazi mkubwa alinijia nyuma ya spika na kitambaa cha kujipangusia. Alikuwa bado anahema kwa kucheza. Aliniambia yule mzee amemheshimu mama yangu sana, nisimsahau, nimpelekee chakula kwa mkono wangu mwenyewe. Nikampelekea. Alikuwa ameketi kivulini na sahani ikawekwa mapajani pake. Mpigaji wa besi, aliyekuwa akikunja nyaya pale kando, alisimama kunitazama nitafanya nini.

"Nyara," akasema Jaduong', akimega ugali kwa mkono wa kulia, ule mwingine ameupumzisha gotini kama mgonjwa. "Leo tumempigia mama yako vizuri, ama namna gani?"

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, ya miaka mingi, mengine ya matusi ya Kikuria niliyofundishwa na marehemu. Lakini ungemwambia nani mbele ya nani? Hata ningesimama juu ya kiti nikapiga tena, wangesema mzee amenifundisha vyema. Katika bonde zima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeujua mkono wangu hata akiwa nyuma ya ukuta, angepiga mkasi juu ya meza aseme si yeye huyo, ni binti yangu, na tulikuwa tumemfukia asubuhi ile.